Iwanza, Kambi na Kisima cha Njiani

Mtu wa pwani akilisikia jina la Ziba hudhani ni habari ya kuziba tundu. Sisi tuliozaliwa huko hatusikii hivyo. Kwa Kinyamwezi, kama kwa Kisukuma, iziba ni maji yaliyotuama, dimbwi au ziwa, na katika nchi kavu kama yetu, kaskazini mashariki ya Tabora kuelekea mbuga ya Wembere, jina tamu kuliko hilo ni vigumu kulipata. Nimeanza na jina kwa sababu habari ninayotaka kuisimulia ni ya kisima. Mimi mwenyewe nina deni katika habari hiyo.

Utotoni mwangu kisima hicho kilikuwa kando ya njia ya miguu, na juu yake miembe mitatu mikubwa. Hakuna aliyejua nani aliipanda. Wazee walisema ni kokwa zilizotupwa na wapagazi wa zamani, na kwa unene wa vigogo vyake sikuwa na sababu ya kubisha. Kisima hakikuwa na mwenyewe, lakini kilikuwa na sheria. Wakati wa kiangazi, yeyote aliyetaka kuchota maji sharti kwanza atoe kibuyu kimoja cha tope na kulimwaga bondeni. Mgeni naye, hata kama anapita mara moja tu maishani mwake. Aliyepumzika kivulini alivunja tawi la majani akafagia pale alipoketi. Mlinzi hakuwapo, ila mzee mmoja aliyekaa jirani, ambaye watoto wote tulimwita Babu. Hakuwa na cheo chochote. Kazi yake ilikuwa kukohoa tu, akimwona mtu anachota bila kutoa tope.

Baadaye, nilipokuwa mwalimu na kuanza kusoma vitabu vya historia, niligundua kwamba sheria ile ya tope haikuwa kituko cha kijiji chetu. Ilikuwa na ndugu zake njia nzima.

Njia kuu ya misafara, msomaji anajua, ilitoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikavuka pori la Mgunda Mkali, ikaingia Unyamwezi kwa Tura na Rubuga hadi Kaze, yaani Tabora ya leo. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 na kufika Kaze tarehe 7 Novemba. Kutoka hapo njia ziligawanyika: moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine zikapanda kaskazini kuelekea ziwani. Julai 1858 Speke, akiwa pamoja na Sidi Mubarak Bombay, alishika njia ya kaskazini, na mwanzoni mwa Agosti akaliona ziwa ambalo alilipa jina la malkia wake. Ziba haikuwa Kwihara wala Ujiji. Haikutajwa katika mikutano ya wakubwa. Lakini nchi yetu yote ilikuwa nchi ya njia, na vijana wake walikuwa wapagazi. Kwa Mnyamwezi wa karne ile, kwenda pwani na kurudi na mzigo ilikuwa alama ya utu uzima, asiyekwenda alichekwa.

Msafara wa watu mia mbili au elfu moja ulilala wapi? Hapo ndipo ninapopenda kukawia. Burton ameeleza kambi za njiani kwa urefu. Ziliundwa mviringo, zikazungushiwa miiba, na ndani yake vibanda vya matawi na nyasi. Mara nyingi msafara uliondoka alfajiri ukaviacha vimesimama, na msafara mwingine, pengine unaotoka upande wa pili kabisa, ukaingia jioni ukavikuta. Walioingia waliziba pengo la miiba, waliongeza nyasi juu ya paa, wakalala. Wakati mwingine moto ulikula kambi nzima, kwa bahati mbaya au kwa ubaya wa mtu, na hapo waliofuata walijenga upya. Fikiri jambo hilo, ndugu msomaji. Wajenzi hawakuonana. Mmoja alikuwa amebeba pembe akielekea pwani, mwingine amebeba shanga na nguo akielekea bara, na katikati ya pori wamejengeana nyumba.

Sisemi njia ile ilikuwa ya heri. Watumwa walipita humo wamefungwa shingo, na kivuli cha mwembe kilimfunika aliyefungwa na aliyefunga. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, ikavitaja vituo vyake: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Jina lililoandikwa ni Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe, na ni jina la haki. Nisingependa mtu ayasome maneno yangu kama sifa za misafara. Ninachokitazama ni miiba ile tu, na mikono iliyoirudishia.

Palipokuwa na kijiji, mgeni hakulazimika kulala porini. Vijiji vya Unyamwezi wakati huo vilikuwa na nyumba iitwayo iwanza. Wasafiri wote waliopita wameitaja. Ilikuwa nyumba ya watu wote, kubwa kuliko nyumba ya mtu mmoja, na ndani yake kitanda kirefu cha kulala watu wengi. Burton anasema kulikuwa na mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, na ile ya wanawake mgeni hakuruhusiwa kuingia. Katika iwanza ya wanaume watu walichonga mipini, walicheza bao, walivuta tumbaku, walisuluhisha magomvi madogo kabla hayajafika kwa mtemi. Mgeni alipelekwa hapo kwanza, akaketi, akatoa habari za alikotoka. Hiyo ndiyo ilikuwa kodi yake. Nikilisikia neno iwanza sikosi kusikia undugu wake na uwanja na kiwanja vya Kiswahili, ingawa hapa tunasema nyumba yenye paa.

Nani aliitunza? Waliolala humo na waliokaa humo. Paa likivuja, linawavujia wao.

Iwanza ilikufa, na kufa kwake kunanishangaza hadi leo, kwa sababu haikuuawa na vita. Vita ndivyo vilivyoikuza. Siku za Mirambo watu walikaa pamoja ndani ya boma, wamezungukwa na miti iliyosimikwa au ua mnene wa minyaa, maana aliyekaa peke yake aliamka hana ng'ombe, au hakuamka. Mirambo alifariki Desemba 1884. Isike wa Unyanyembe aliangushwa na Wajerumani Januari 1893. Amani ya mkoloni, pamoja na machungu yake yote, ilimruhusu mtu kutoka bomani, akajenga mjini kwake peke yake, kila mzee na mji wake, mashamba yakiwa katikati. Watu walitawanyika wakapata nafasi na hewa. Lakini nyumba ya wote haiwezi kusimama mahali ambapo wote hawapo. Bibi yangu alilijua neno iwanza. Mama yangu alilisikia kwa bibi.

Kilichobaki ni vitu visivyohitaji paa: njia, visima, miti ya kivuli, na ngitili. Huyu wa mwisho ni malisho yaliyofungwa. Mvua zikianza, eneo hufungwa lisiguswe, nyasi zikue zikaukie hapo hapo. Kiangazi kikikaza hufunguliwa kwa ajili ya ndama, maksai na ng'ombe waliodhoofu. Palikuwa na ngitili ya mtu na ngitili ya watu wote. Kwa ndugu zetu wa Shinyanga, aliyevunja sheria alitozwa faini iitwayo mchenya, na mkutano uliotunga sheria hizo uliitwa dagashida.

Wala tusidhani kila kazi ya pamoja ilikuwa ya kutunza. Kuanzia miaka ya 1920, huko Shinyanga, maelfu ya watu walikusanywa na watemi wao kwa shauri la Swynnerton, Mwingereza aliyeongoza vita dhidi ya mbung'o. Walifyeka misitu ili mdudu akose kivuli. Walifaulu: ng'ombe walipona na watu waliongezeka. Kisha pamba ikaja, na kuni zikawa za kutafutwa mbali. Shoka nalo, kumbe, huweza kushikwa kwa umoja mkubwa.

Sasa nifike kwenye deni langu.

Mwaka 1963 utemi ulifutwa kisheria. Sikuwa na umri wa kulia wala kucheka. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena bali ni amri, na mwaka uliofuata, katika ukame mkali, Operesheni ikafika kwetu. Mimi nilikuwa kijana niliyemaliza shule, mwenye mwandiko mzuri, basi nikapewa daftari na ncha moja ya kamba. Kamba ilikuwa na mafundo. Kila mafundo kadhaa ni upana wa kiwanja. Tulinyoosha mistari kutoka barabarani, na uzuri wa mistari ile, nakiri, ulinifurahisha. Baada ya miaka themanini watu walikuwa wanakusanywa tena mahali pamoja, kama enzi za boma. Tulikuwa na nafasi ya ofisi ya chama, nafasi ya shule, nafasi ya zahanati iliyochukua miaka mingi kujengwa. Nafasi ya iwanza hatukuwa nayo, maana hapakuwa na aliyeikumbuka.

Mstari wa tatu ulipita kati ya miembe na kisima. Babu alikuja akiegemea fimbo. Nilimwamkia kwa adabu, akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani moja moja bila haraka. Kisha akauliza:

"Mwanangu, hapa mmempa nani?"

"Bado, Babu. Ni kiwanja namba kumi na saba."

"Na wapitao?"

"Wapitao watapita barabarani, Babu."

Aliitazama kamba, akasema "Haya," akaondoka.

Watu wakizungumzia siku zile husema tuliamriwa. Ni kweli tuliamriwa, na wengine walibomolewa nyumba zao. Lakini juu ya kiwanja namba kumi na saba hakuna aliyeniamuru. Kiongozi wetu alikuwa amejilaza chini ya miembe hiyo hiyo, kofia usoni. Ningemwendea nikamwambia tusogeze mstari hatua kumi, angekubali bila kufumbua macho. Sikumwendea. Mstari ungepinda.

Aliyepewa kiwanja hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa ameacha kwao ardhi nzuri na miti yake, na hakuna aliyemwuliza. Miaka michache baadaye alikata mwembe mmoja kuchomea matofali, kwa kuwa tulihimizwa sote kujenga nyumba bora. Kisha wa pili. Wa tatu uliangushwa na mwanawe. Kisima hakikukatwa na mtu. Kilikuwa uani mwake tu, na watu waliona haya kuingia uani mwa mtu na kibuyu cha tope; wengine hawakuona haya kuchota, ila waliona tope sasa ni lake. Alilitoa peke yake misimu miwili. Msimu wa tatu alichoka. Babu alikuwa ameacha kukohoa, maana huwezi kumkoholea mtu nyumbani kwake.

Maji tulikuwa tumeahidiwa. Mpango wa mwaka 1971 ulisema kwamba katika miaka 20, yaani ifikapo 1991, kila mwanakijiji atapata maji safi umbali usiozidi mita 400. Lilikuwa lengo jema, sitalicheka. Pampu ilikuja, tukapiga vigelegele, tukanywa maji ambayo hayakuwa na rangi ya chai. Siku ilipoharibika tulikaa tukimngoja mwenyewe aje kuitengeneza. Ukiuliza mwenyewe ni nani, mmoja anakutajia wilaya, mwingine wafadhili. Ilisimama pale kama kaburi, na mbuzi wakijikuna. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilikuja kusema kwamba watumiaji wachangie na waunde vyombo vyao vya kuendesha maji. Wapo waliolalamika kwamba serikali imetutupa. Mimi nilikumbuka kibuyu.

Kwa upande wa Shinyanga, mambo yalikuwa yameanza kugeuka mapema zaidi. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni maofisa walishughulika na miche na vitalu, na miche mingi ilikufa kama inavyokufa. Baadaye walitambua kwamba wenyeji walikuwa na jina la jambo lile lile. Badala ya kupanda msitu, walifunga eneo wakaliacha. Visiki na mizizi iliyokuwa hai chini ya ardhi ikafanya kazi yenyewe. Ngitili zilizokuwa zimebaki kiasi cha hekta 600 mwaka 1986 zilizidi hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2002 mradi ulipata tuzo ya kimataifa iitwayo Equator Prize. Dagashida ilirudi kutunga sheria. Pana kasoro zake: mwenye ng'ombe wengi hufaidi malisho kuliko asiye nao, na zipo ngitili za wote zilizogeuka kuwa za wachache. Lakini takwimu hizo zilinifanya nitazame visiki kwa jicho jingine.

Nilistaafu nikarudi nyumbani. Kisiki cha mwembe wa tatu kilikuwa kimechipua vijiti vinne, mbuzi wakivitafuna kila vilipofika urefu wa goti. Nilikwenda kwa wajukuu wa yule mwenye kiwanja, nikawaomba jambo ambalo sikuwa na haki ya kuliomba. Walinisikiliza kwa heshima wakasema jambo hilo ni la mkutano.

Mkutano ulichukua siku mbili, na sitadai ulikuwa mzuri. Kijana mmoja alisimama akasema, "Babu zetu, ninyi mnataka kivuli, mimi nataka pa kujenga." Hakuwa na kosa. Vijiji vyetu vimejaa, na mtu anayedai kipande kibaki wazi bila jina la mtu huonekana anachezea riziki ya wenzake. Mama mmoja alimjibu kwamba wanawake ndio wanaokwenda mbali pampu inapokufa, na yeye haulizi kivuli, anauliza maji ya akiba. Nami nilisimama nikaeleza habari ya kamba. Wengi walikuwa hawajazaliwa. Walishangaa kidogo, kisha mmoja akauliza swali la maana kuliko maungamo yangu: tope litatolewa na nani?

Hapo ndipo siku ya pili ilipokwisha yote. Tulikubaliana zamu, kaya kwa kaya, na mgeni kibuyu kimoja kama zamani. Familia ilitoa ukanda wa upana wa hatua kumi na mbili kutoka barabarani hadi kisimani, na kijiji kikawapa kipande kingine upande wa shule. Minyaa ikapandwa pembeni kuzuia mbuzi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inakiruhusu kijiji kutenga ardhi ya jumuiya, kwa hiyo tulikwenda ofisini iandikwe rasmi. Karani, binti mpole mwenye mwandiko kuliko wangu, alifikia mahali pa jina akaniangalia.

"Niandike nani, Babu?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mwenyekiti ndiye aliyesema aandike njia na kisima. Aliandika hivyo.

Mvua mbili zimepita tangu siku hiyo. Vijiti vitatu vya mwembe vimefika kifuani mwangu, wa nne ulikufa. Kisima kina maji hadi Agosti, si zaidi, na zamu huruka: kaya mbili hazijatoa tope hata mara moja, na tunajua ni zipi. Zamu ya nyumba yangu ni Jumamosi. Magoti hayaniruhusu kushuka, basi mjukuu wangu ndiye anayeingia kisimani na kibuyu. Mimi hukaa juu, nimeshika kamba.